Mali Bila Daftari



Wahenga walituachia usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kawaida usemi huu tunauelekeza kwa wenye maduka na kwa watunza hazina wa vikundi vya kuweka na kukopa. Juma hili tungependa kuupeleka mahali ambapo wazee wetu wengi wasingeutarajia, yaani katika michezo ya kompyuta, na hasa ile michezo ya mafumbo ya reli inayouzwa bila kufuli la kidijitali. Tunajua baadhi yenu mtatabasamu na kuuliza padri ameingiaje katika mambo ya watoto. Tunawaomba mtuvumilie kidogo. Jambo hili limemtoa machozi mtu mzima tunayemheshimu, na kila mmoja wetu anayetunza picha, hesabu au barua zake ndani ya kompyuta anaweza kufikwa nalo.

Tuanze kwa kueleza michezo yenyewe. Mchezaji hupewa kipande cha ardhi chenye stesheni kadhaa. Anatakiwa kutandika reli, kupanga mahali zinapogawanyika, kisha kuziachia treni ili kila moja ifike stesheni yake bila kugongana na nyingine. Hatua ya kwanza ni rahisi, ya kumi inaumiza kichwa, na ya arobaini inaweza kumkesha mtu. Train Valley, uliotoka mwaka 2015, ni mmoja wa michezo ya namna hiyo. Mini Metro, uliotengenezwa New Zealand na kutoka mwaka huohuo wa 2015, humtaka mchezaji kuchora njia za treni za mji unaozidi kukua. Nyuma yao yupo mzee wa ukoo, Transport Tycoon wa Chris Sawyer, uliotolewa mwaka 1994. Kutokana na mchezo huo, mwaka 2004 Ludvig Strigeus alitoa OpenTTD, ambao ni huru kabisa. OpenTTD haukugawanywa katika mafumbo ya hatua kwa hatua, lakini kupanga ishara za reli ndani yake ni fumbo tosha.

Hapa Murungu hatuna reli. Anayetaka kuiona treni hushuka kutoka nyanda zetu hadi Kigoma au Uvinza. Reli ya Kati, ambayo ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Kigoma mwaka 1914, nayo ni reli ya njia moja. Treni mbili zinazotoka pande mbili haziwezi kupita mpaka mojawapo iingie katika stesheni yenye njia ya kupishana na kuisubiri nyingine. Wazee waliosafiri kwa reli hiyo wanakumbuka kukaa kituoni saa nyingi bila kuambiwa sababu. Kijana ambaye hajawahi kupanda treni huielewa sababu hiyo ndani ya nusu saa ya mchezo, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye anayeamua nani asubiri na nani apite. Hatuoni kwamba muda huo umepotea bure. Kujifunza kwamba njia ni moja na wasafiri ni wengi, na kwamba lazima mmoja ampishe mwenzake, ni elimu.

Sasa tuje kwenye kufuli. Michezo mingi ya siku hizi huuzwa ikiwa imefungwa. Kabla haijafunguka hutaka kuuliza mtandaoni kama wewe ndiwe mnunuzi halali, na mengine huuliza tena na tena. Kwa mtu wa mjini hilo ni jambo dogo. Kwa mtu wa kijijini, ambaye bando lake limekwisha na mtandao unapatikana juu ya kichuguu, kufuli hilo ni ukuta. Ndiyo maana wapo wauzaji walioamua kuuza bila kufuli. Anayejulikana zaidi ni GOG, duka lililoanzishwa mwaka 2008 na kampuni ya CD Projekt ya Poland. Ukinunua hapo unaweza kupakua faili la kusakinishia, ukaliweka kwenye flashi, na ukasakinisha mchezo wako hata mahali pasipo na intaneti kabisa, leo au baada ya miaka kumi.

Hapa tuseme neno moja kwa vijana wetu. Kukosekana kwa kufuli hakumaanishi kukosekana kwa mwenyewe. Mlango wa jirani ulioachwa wazi hautupi ruhusa ya kuchukua debe la maharage. Mchezo uliouzwa bila kufuli umeuzwa kwa mnunuzi, si kwa kijiji kizima. Anayependa kugawa na kunakili kwa moyo mweupe atafute michezo ambayo waandishi wake wameiruhusu, kama OpenTTD, ambao leseni yake inamruhusu yeyote kuunakili na kumpa mwenzake.

Basi, kama kufuli ni kero na kukosekana kwake ni nafuu, machozi yametoka wapi?

Katika mojawapo ya vigango vyetu yupo kijana ambaye hatutamtaja jina, anayeishi na bibi yake. Alianguka kutoka juu ya mwembe akavunjika mguu, akarudi nyumbani akiwa amefungwa plasta ngumu. Kaka yake, anayefanya kazi Dar es Salaam, alimtumia laptopu iliyokwisha kutumika, ambayo betri yake ilikuwa imekufa, pamoja na flashi yenye mchezo wa reli aliomnunulia bila kufuli. Kijana yule alikaa nao miezi minne. Tulipokwenda kumjulia hali, hakuzungumza habari za mguu. Alitugeuzia kioo na kusema, "Padri, tazama hapa, treni tano na njia ya kupishana moja tu." Alikuwa amefika hatua ya 63. Alitueleza kwamba zipo hatua alizokaa nazo siku tatu, akilala na kuamka na zilezile. Bibi yake alikuwa akimsikiliza bila kuelewa mengi, lakini alituambia tulipotoka nje kwamba mchezo ule ndio uliomzuia mjukuu wake asikate tamaa.

Baadaye laptopu ikajaa virusi, ikawa nzito. Bibi akaibeba hadi kwa fundi. Fundi aliuliza vizuri kabisa, "Kuna vitu vyenu humu vya kuhifadhi?" Bibi akajibu, "Hakuna, mwanangu, mchezo wetu tunao kwenye flashi." Fundi akapiga Windows upya. Laptopu ikarudi nyepesi, mchezo ukasakinishwa kutoka kwenye flashi bila kuuliza chochote, ukafunguka, ukaonyesha hatua ya kwanza. Hatua 62 zilizobaki zilikuwa zimefungwa kama siku ile ulipofika.

Bibi alikuja kwetu akiwa na laptopu ndani ya kanga. Aliketi, akauliza, "Baba, miezi minne ya mjukuu wangu imekwenda wapi?"

Wapendwa, swali hilo halihitaji kujibiwa kwa maneno kama "ni mchezo tu". Linastahili jibu la kweli, na jibu la kweli ni kwamba vitu hivi ni viwili, na vinakaa mahali pawili. Mchezo ni kitu kimoja. Kazi uliyoifanya ndani ya mchezo ni kitu kingine. Faili la kusakinishia lililomo kwenye flashi linabeba reli, treni na mafumbo, lakini halibebi majibu yako. Majibu yako huandikwa katika faili dogo pembeni, mara nyingi dogo kuliko picha moja ya simu, na mwenye mchezo wengi hawajui liliko.

Katika kompyuta za Windows faili hilo huweza kuwa ndani ya folda ya Documents, au ile ya Saved Games, au ndani ya AppData, ambayo Windows huificha isionekane kwa macho ya kawaida. Michezo iliyotengenezwa kwa Unity, chombo kinachotumiwa na watengenezaji wengi wa michezo midogo, hupenda kuweka kazi ya mchezaji ndani ya AppData, katika folda iitwayo LocalLow. Mingine huandika maendeleo ya mchezaji katika rejista, ambalo ni daftari la ndani la Windows yenyewe. Mtu anaweza kunakili folda zake zote kwa uangalifu, akaliacha daftari hilo nyuma, na asielewe kamwe kilichokosekana.

Michezo ya zamani ina taabu yake pia. Ilizoea kuandika kazi ya mchezaji ndani ya folda ileile iliposakinishwa. Tangu Windows Vista, iliyoingia sokoni mwaka 2007, kompyuta haziruhusu programu za kawaida kuandika ovyo katika folda ya programu. Badala ya kukataa waziwazi, Windows mara nyingi huipeleka kazi hiyo kimyakimya katika folda nyingine ya pembeni iitwayo VirtualStore. Mchezaji huona amehifadhi, na kweli amehifadhi, lakini akienda kutafuta mahali anapopajua hakuti kitu.

Kisha lipo tatizo la umeme, ambalo sisi wa nyanda hizi tunalifahamu kuliko wengi. Kwa miaka mingi Kibondo na Kasulu zilitegemea majenereta ya dizeli kabla ya kuunganishwa na gridi ya taifa, na hata leo hakuna asiyejua giza la ghafla ni nini. Laptopu isiyo na betri ikizimika wakati mchezo unaandika faili lake, faili hubaki nusu, na pengine hubaki tupu kabisa. Mtengenezaji mwangalifu huandika faili jipya pembeni kwanza, na likishakamilika ndipo hulibadilisha na la zamani. OpenTTD huhifadhi wenyewe kila baada ya muda na kuweka nakala kadhaa kwa zamu, hata moja ikiharibika ipo iliyotangulia. Lakini si kila mtengenezaji ana uangalifu huo.

Tena yapo matoleo. Mchezo mmoja unaweza kuuzwa katika maduka mawili, na kila toleo likatafuta kazi yako mahali pake. Kwa hiyo aliyeanzia toleo la duka moja na kuhamia la lingine hujikuta mwanzo, ingawa faili lake bado lipo salama. Aidha, toleo jipya kwa kawaida husoma faili la toleo la zamani, lakini la zamani halisomi la jipya. OpenTTD unaweza kufungua hata faili zilizohifadhiwa katika toleo la Transport Tycoon la mwaka 1995. Lakini faili lililohifadhiwa katika toleo jipya la OpenTTD halitafunguka kwa rafiki yako mwenye toleo la miaka iliyopita. Kwa hiyo mtu anayesakinisha upya kutoka kwenye flashi ya zamani anaweza kuwa na kazi yake mkononi na bado asiweze kuifungua.

Baada ya kusikia habari ya kijana yule, baadhi ya waamini walituambia, "Afadhali basi michezo yenye kufuli, maana ile hutunza kazi ya mtu mtandaoni." Hoja yao ina ukweli ndani yake, na hatupaswi kuipuuza. Kamba inayoufunga mchezo kwenye duka ndiyo hiyohiyo inayobeba kazi yako kwenda kuhifadhiwa mbali. Ukiikata kamba umepata uhuru, lakini umemwondoa na mlinzi. GOG wana programu iitwayo Galaxy, ambayo kwa michezo inayokubali hupeleka nakala ya kazi yako mtandaoni. Lakini si lazima kuitumia, na anayesakinisha kwa faili la flashi peke yake hana mlinzi huyo.

Pamoja na hayo, hatukubaliani na hoja hiyo hadi mwisho. Mlinzi anayefika kwa njia ya intaneti asingefika kwa bibi yule, kwa sababu intaneti yenyewe haifiki. Na hata anapofika, ghala ni lake, na masharti ni yake. Mwaka 2024 GOG walitangaza kwamba nafasi ya kuhifadhi kazi mtandaoni ingekuwa na kikomo, kwa kawaida megabaiti 200 kwa kila mchezo, na kwamba ziada ingefutwa baada ya tarehe 31 Agosti mwaka huo. Walitoa taarifa mapema na watu waliweza kupakua vyao, kwa hiyo hatuwalaumu. Tunachosema ni kwamba hata mlinzi mwema anaweza kupunguza ukubwa wa ghala, na asiyesoma tangazo hujua baadaye.

Sisi tunaendelea kuamini kwamba uhuru wa kumiliki ulichokinunua ni jambo jema, hasa kwa watu wa mahali kama hapa. Ila uhuru huo unahamisha wajibu kutoka dukani na kuuleta nyumbani kwako. Wakulima wetu wanalifahamu jambo hili bila kufundishwa. Maharage ya kula na maharage ya mbegu hayakai katika gunia moja. Mbegu huchaguliwa, hutengwa, na mwenye nyumba anajua ziliko hata usiku wa giza. Hakuna mama wa Kibondo ambaye angeondoka na kumwachia mgeni ghala lake bila kumwonyesha gunia la mbegu. Bibi yule hakumwonyesha fundi gunia la mbegu kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba lipo.

Hata mkoa wetu una kumbukumbu ya watu waliofikiri mbele. Meli tunayoiita Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 ikiitwa Graf von Goetzen. Ikaletwa Dar es Salaam ikiwa vipande, ikapandishwa treni kwa reli hiyohiyo ya njia moja, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916, Wajerumani walipolazimika kuondoka, waliizamisha ili adui asiipate. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 walikuta mitambo hiyo bado inafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kazi ile ya grisi ilifanyika kabla, wakati kila mtu alikuwa na haraka ya kuondoka, na ndiyo iliyofanya miaka minane majini isiimalize meli.

Basi tuwape wasomaji wetu mambo machache ya kutenda, hasa wazazi na walezi ambao watoto wao wanatumia kompyuta.

Kwanza, siku mchezo unaposakinishwa, siyo siku unapopotea, tafuteni mahali kazi ya mchezaji inapoandikwa. Chezeni hatua moja, fungeni mchezo, kisha tafuteni faili lililobadilika muda huo. Andikeni jina la folda hiyo katika daftari la karatasi.

Pili, nakilini folda hiyo kila juma katika flashi mbili, na moja isikae nyumba moja na laptopu. Mwivi na mvua huchukua vyote vilivyo pamoja. Msiichomoe flashi kabla kompyuta haijasema kwamba ni salama.

Tatu, jaribuni kuirudisha nakala hiyo angalau mara moja, katika kompyuta nyingine ikiwezekana. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni tumaini tu.

Nne, tunzeni pia faili la kusakinishia la toleo mnalolitumia, ili kazi na mchezo visije vikawa vya zama mbili tofauti.

Tano, mafundi wetu, tunawasihi msiishie kuuliza kama kuna vitu vya kuhifadhi. Ulizeni, "Mtoto anacheza nini humu? Mama anaandika nini humu?" Mwenye mali mara nyingi hajui jina la mali yake, lakini anajua anachokifanya kila siku.

Kuhusu kijana yule, hatua zile 62 hazikupatikana, kwa kuwa diski ilikuwa imefutwa na kuandikwa upya. Ameanza tena, na sasa anatembea. Tulipomwambia kwamba bila shaka safari hii anakwenda haraka zaidi, alikubali, kisha akaongeza, "Ndiyo, Padri, lakini zile reli nilizijenga nikiwa mgonjwa. Hizi ni nyingine." Hatukuwa na la kumjibu, na tuliona si vema kulitafuta. Kila Jumamosi ananakili folda yake katika flashi mbili, na moja anaipeleka kwa shangazi yake.

Jioni ya leo, kabla hamjalala, ulizaneni nyumbani ni nini kilichomo ndani ya simu na kompyuta zenu ambacho hakipo mahali pengine popote duniani. Picha ya marehemu baba, hesabu za kikundi, shairi la binti, hatua ya 63 ya mchezo. Kiandikeni katika daftari, kisha kipelekeni mahali pa pili.